Majeraha ya mpira wa mikono: kabla ya kubishana nani anaumia zaidi, tuulize anaumia wapi na ana umri gani

MwalimuWaKiwanja (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Wiki iliyopita, katika uzi mwingine, palizuka ubishi uliokwisha kwa maneno makali bila jibu: kati ya wasichana na wavulana wanaocheza mpira wa mikono, ni akina nani wanaoumia zaidi? Baadhi walisema ni wasichana kwa kuwa miili yao ni dhaifu, na baadhi wakasema ni wavulana kwa kuwa wanagongana kwa nguvu. Nimefundisha mchezo huu katika shule za sekondari kwa miaka kadhaa na nimesafiri na timu kwenda UMISSETA, yaani mashindano ya michezo ya shule za sekondari Tanzania, na kwa maoni yangu pande zote mbili zilikosea, kwa sababu swali lenyewe lilikuwa limekaa upande. Goti la msichana wa miaka 17, bega la mvulana wa miaka 16 na nyonga ya mstaafu wa miaka 45 ni habari tatu tofauti, na ukizijumlisha katika namba moja hutaelewa hata moja kati yake.

Waliohesabu majeraha haya kwa uangalifu zaidi ni watu wa Skandinavia, ambako mchezo huu unapendwa karibu kama soka linavyopendwa kwetu. Nchini Denmark, watafiti waliwafuatilia wachezaji 517 wa kike na wa kiume katika makundi matatu, yaani chini ya miaka 16, chini ya miaka 18 na watu wazima, kwa kuwatumia ujumbe mfupi wa simu kila wiki ili waeleze wamecheza kwa muda gani na kama wameumia. Matokeo yalichapishwa mwaka 2012. Katika mechi, watu wazima walipata majeraha 23.5 kwa kila saa 1000 za kucheza, walio chini ya miaka 18 walipata 15.1, na walio chini ya miaka 16 walipata 11.1.

Kwa kuwa namba za namna hii huwachosha wasomaji, nizigeuze kuwa mechi. Timu ina wachezaji saba uwanjani, hivyo mechi moja ya dakika 60 ni saa saba za kucheza. Ukigawanya, timu ya watu wazima inapata jeraha moja katika kila mechi sita hivi, ilhali timu ya vijana wa chini ya miaka 16, ambao mechi yao ni ya dakika 50, inapata jeraha moja katika kila mechi kumi na tano. Umri, kwa hiyo, una uzito mkubwa: kadiri wachezaji wanavyokua wanakuwa wazito, wana kasi, wanarusha kwa nguvu, na mechi inakuwa na kitu cha kugombaniwa.

Kuhusu jinsia, utafiti huohuo ulikuta tofauti mahali ambapo wengi wetu tusingeitafuta. Katika kundi la chini ya miaka 18, wavulana ndio waliokuwa na hatari kubwa ya kuumia kwa jumla, mara 1.76 ya wasichana. Naomba walioshangilia upande huo wiki iliyopita wasubiri kidogo.

Tuvuke bahari tuingie Norway. Katikati ya miaka ya 1990, mtaalamu wa fiziotherapia Grethe Myklebust na wenzake walizifuatilia timu za daraja la juu kwa misimu mitatu wakihesabu jeraha moja tu, la kukatika kwa kano ya mbele ya goti, ile ambayo watangazaji wa soka wameshatuzoesha kuiita ACL. Walihesabu kano 28 zilizokatika, na kati yake 23 zilikuwa za wanawake. Katika mechi, wanawake walipata majeraha hayo 1.60 kwa kila saa 1000, wanaume 0.23. Kwa hesabu yangu ileile, timu ya wanawake inapoteza goti moja katika kila mechi 90 hivi, na timu ya wanaume moja katika mechi zaidi ya 600. Kwa timu inayocheza mechi 22 kwa msimu, wanawake watalishuhudia tukio hilo kila baada ya misimu minne, ilhali kocha wa wanaume anaweza kustaafu bila kuliona.

Kwa hiyo, mvulana anaweza kuumia mara nyingi zaidi, na msichana akapata lile jeraha ambalo gharama yake ni mwaka mzima, upasuaji na mara nyingine mchezo wenyewe. Ukimuuliza mwalimu wa shule yoyote angependa daftari lake liandikwe lipi kati ya hayo, hatasita.

Jambo lililonishangaza nilipoanza kusoma habari hizi ni kwamba kano hiyo kwa kawaida haikatiki kwa kugongwa. Watafiti wa Norway walikusanya mikanda ya video ya matukio 20 ya wachezaji wa kike, wakayatazama polepole. Katika matukio 12, mchezaji alikuwa anapiga chenga: anakanyaga kwa nguvu ili abadili mwelekeo, goti likiwa karibu limenyooka, halafu linaingia ndani huku unyayo umeganda sakafuni. Katika manne, alikuwa ametua kwa mguu mmoja baada ya kuruka na kurusha. Chenga na kutua ndivyo tunavyofundisha kila siku, na ndiyo maana nimeuleta uzi huu.

Nawasilisha, na ninakaribisha kusahihishwa.

Mdadisi_77

Mwalimu, shukrani kwa kazi hii. Hata hivyo nina shaka moja. Unaposema jinsia, una hakika kwamba ni jinsia? Katika shule nyingi nilizopita, timu ya wavulana inapewa uwanja kuanzia saa kumi jioni, na wasichana wanaachiwa nusu saa ya mwisho giza likianza kuingia. Wavulana wamerukaruka na kukimbizana mitaani tangu utotoni, wakati dada zao wako jikoni au kisimani. Msichana anayeanza kujifunza kutua akiwa na miaka 15 ataumia, na sisi tutasema ni maumbile yake. Ninaogopa takwimu za Ulaya zitatumika kuwaambia mabinti kwamba mchezo huu si wao.

MwalimuWaKiwanja (mleta uzi)

Kaka, hoja yako ni ya msingi na nakiri kwamba ningepaswa kuigusa. Nina majibu mawili.

La kwanza ni kwamba wale wanawake wa Norway hawakuwa wanaachiwa nusu saa ya giza. Timu yao ya taifa imekuwa miongoni mwa timu bora duniani kwa miongo kadhaa, ligi yao ina makocha na madaktari, na bado tofauti ya magoti ilikuwa kubwa kiasi hicho. Maumbile, kwa hiyo, yana sehemu yake. Nyonga za mwanamke ni pana zaidi na zinabadili pembe ambayo paja linakutana nayo na goti. Nafasi ambamo kano hiyo hupita ndani ya goti kwa kawaida ni nyembamba zaidi. Na homoni za mzunguko wa hedhi zimetajwa mara nyingi, ingawa hapo wataalamu bado wanabishana.

La pili linakuunga mkono. Mvulana anapobalehe, mwili wake unarefuka na misuli inaongezeka karibu kwa pamoja. Msichana anapovunja ungo anarefuka na kuongeza uzito, lakini nguvu za misuli haziongezeki kwa kasi ileile, hivyo anabaki na mwili mkubwa zaidi unaoongozwa na misuli ya jana. Pengo hilo linazibwa kwa mazoezi, wala si kwa kumtoa uwanjani. Tukilijua, hatuna kisingizio cha kumnyima muda wa mazoezi. Tukilificha kwa kuogopa maneno ya watu, anayelipa ni yeye.

Nisisitize pia kwamba wanaume hawana kinga. Nikola Karabatić wa Ufaransa alikatika kano hiyohiyo Oktoba 2020 akiwa na miaka 36, akarudi na kutwaa dhahabu ya Olimpiki ya Tokyo mwaka uliofuata. Kwa upande wa wanawake, Cristina Neagu wa Romania alikatika kano hiyo kwenye mashindano ya Ulaya Desemba 2018.

MamaWaWawili

Habari zenu. Mimi si mtaalamu wala mchezaji, nimeingia hapa kwa sababu ya mwanangu wa kiume wa miaka 13. Amerefuka sana mwaka huu na anacheza mpira wa mikono shuleni. Tangu mwezi uliopita analalamika maumivu chini kidogo ya kofia ya goti, na pana kauvimbe kagumu unapokagusa. Hajaanguka wala hajagongwa na mtu. Babu yake anasema ni uvivu wa mazoezi. Je, ndiyo hiyo kano mnayoisema?

MnyooshaViungo

Dada, pole kwa mtoto. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, na ingawa siwezi kumpima mtu kupitia simu, maelezo yako hayafanani na kukatika kwa kano. Kano ikikatika, mara nyingi mchezaji husikia kama kitu kimepasuka, na goti huvimba katika saa chache tu.

Katika umri huo mifupa inarefuka kupitia sehemu laini zilizo karibu na ncha zake, na sehemu hizo ni dhaifu kuliko mfupa uliokomaa. Mfupa ukirefuka haraka kuliko msuli wa paja, msuli unavuta pale unapojishika chini ya goti, na kila kuruka kunaongeza mvuto. Hali hiyo ina jina la madaktari wawili, Osgood na Schlatter, walioieleza mwanzoni mwa karne iliyopita. Wasichana huipata mapema kidogo kuliko wavulana, kwa sababu ukuaji wao wa kasi hufika kilele wakiwa na miaka 12 hivi, na wa wavulana wakiwa na miaka 14 hivi. Kisigino nacho huuma kwa sababu kama hiyo. Kwa wengi maumivu hupungua na kwisha ukuaji unapokamilika. Kinachohitajika ni kupunguza kuruka kwa muda na kuimarisha misuli ya paja taratibu. Hata hivyo mpeleke apimwe, hasa kama anachechemea, kama maumivu yanamwamsha usiku, au kama goti linajifunga. Na umwambie babu, kwa heshima zote, kwamba mtoto huyu si mvivu, amezidisha.

Nikiwa bado hapa, niongeze jambo kuhusu bega, kwa sababu mleta uzi amelitaja kisha akaliacha njiani. Bega halikatiki kwa siku moja kama goti. Linachakaa kwa kurusha mpira maelfu ya mara, na kwa hiyo halionekani kwenye hesabu za mechi. Huko Denmark wachezaji 679 wa miaka 14 hadi 18 walifuatiliwa kwa wiki 31. Aliyeongeza muda wake wa kucheza kwa zaidi ya asilimia 60 katika wiki moja, ukilinganisha na wastani wa wiki nne zilizotangulia, alikuwa na hatari ya kuumia bega karibu maradufu. Wale ambao misuli ya kuzungusha bega kwenda nje ilikuwa dhaifu hawakuhitaji hata ongezeko kubwa hivyo.

Wakuu, itazameni namba hiyo mkiwa na UMISSETA akilini. Mtoto anafanya mazoezi mara mbili kwa wiki kuanzia Januari, halafu anapanda basi kwenda mkoani na kucheza karibu kila siku, mara nyingine mechi mbili kwa siku. Hiyo si asilimia 60. Ni mara kadhaa. Halafu mwezi wa nane analetwa kwangu hawezi kunyanyua ndoo.

Kipa_Mstaafu

Naona magolikipa tumesahauliwa kama kawaida.

Nilisimama golini kwa zaidi ya miaka ishirini. Kwetu umri una sura nyingine: hatupigi chenga, hatutui kwa mguu mmoja kila dakika, na uzoefu wa kusoma mkono wa mpigaji unafidia kasi inayopungua. Katrine Lunde wa Norway alitwaa dhahabu ya Olimpiki ya Paris mwaka 2024 akiwa na miaka 44. Hakuna winga wa umri huo.

Lakini tuna yetu. Kila mpira unaougonga mkono ulionyooka unakipindisha kiwiko kwenda nyuma kupita mwisho wake, na ukirudiwa mara elfu unaleta maumivu ambayo hata kubana kitasa cha mlango ni kazi. Kichwa nacho kiko hatarini. Ni kuanzia mwaka 2022 tu ambapo kanuni za kimataifa zilisema kwamba mrushaji asiye na kizuizi mbele yake akimpiga golikipa kichwani anatoka dakika mbili. Waamuzi wetu wengi hawaitumii bado, au ndivyo ninavyoona nikikaa jukwaani.

Mambo ya uzeeni pia yasemwe. Nchini Ufaransa walipiga picha za nyonga za kundi dogo la wanaume waliostaafu mchezo huu katika ngazi ya juu, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2006 yalionyesha kwamba asilimia 60 walikuwa na nyonga zilizochakaa, ikilinganishwa na asilimia 13 ya wanaume wa kawaida. Mimi nina moja, ya kushoto. Nikipanda ngazi za msikitini wajukuu wananisubiri juu.

Mdadisi_77

Mzee wetu, shikamoo, na pole kwa nyonga.

Mwalimu, nimeridhika na majibu yako, ila sakafu hujaigusa. Je, uwanja wa saruji haupaswi kuwa mshitakiwa namba moja kabla ya jinsia na umri?

MwalimuWaKiwanja (mleta uzi)

Sakafu inahusika, tena kwa namna inayorudi palepale kwenye jinsia. Nchini Norway walilinganisha sakafu za mbao na sakafu za kutengenezwa viwandani, ambazo huwa na mshiko mkali zaidi. Kwa wanawake, hatari ya kukatika kano kwenye sakafu hizo ilikuwa zaidi ya maradufu. Kwa wanaume hawakuona tofauti. Unyayo ukiganda, mwili unazunguka, na goti lililo katikati ndilo linalochagua upande. Saruji yetu sijaona ikipimwa namna hiyo, na mchanga ulio juu yake hufanya mguu uteleze badala ya kuganda, kwa hiyo sitaihukumu kwa kesi ya sakafu nyingine. Ninachojua ni kwamba inachuna ngozi.

Mshitakiwa ambaye tunaweza kumkamata leo ni mpira wenyewe. Kanuni zinasema wasichana wa zaidi ya miaka 14 na wavulana wa miaka 12 hadi 16 watumie mpira namba 2, wenye mzingo wa sentimita 54 hadi 56 na uzito wa gramu 325 hadi 375. Namba 3, wenye gramu 425 hadi 475, ni wa wanaume na wavulana wa zaidi ya miaka 16. Ni shule ngapi mnazozijua zenye mipira ya namba zote mbili? Ninakofundisha, kwa miaka mitatu wasichana walirusha namba 3 kwa sababu ndiyo iliyokuwa stoo, na mimi mwenyewe nilikuwa nawakaripia kwa kurusha kwa bega zima bila kiganja. Mkono mdogo haushiki mpira mkubwa, kwa hiyo bega linafanya kazi ya vidole. Nilikuwa nawalaumu wao kwa kosa langu.

Sasa nifike kwenye kinga. Myklebust na wenzake hawakuishia kuhesabu. Katika msimu wa 1998/99 walirekodi majeraha 29 ya kano hiyo katika madaraja matatu ya juu ya wanawake. Kisha wakapeleka programu ya dakika 15 yenye mazoezi ya sakafuni, ya kwenye ubao unaoyumba na ya kwenye mkeka laini, mara tatu kwa wiki mwanzoni mwa msimu na baadaye mara moja kwa wiki. Msimu wa kwanza majeraha yalikuwa 23, wa pili 17. Na hapo ni zaidi kidogo ya robo tu ya timu zilizoifanya kikamilifu! Jaribio kubwa zaidi la vijana wa miaka 15 hadi 17, likiwa na wachezaji 1837 ambao wengi wao walikuwa wasichana, lilichapishwa mwaka 2005: kundi lililofanya mazoezi lilipata majeraha 48 ya ghafla ya goti na kifundo cha mguu, na kundi ambalo halikufanya lilipata 81.

Utafiti ulipokwisha na wataalamu wakarudi ofisini, timu nyingi ziliacha mazoezi hayo, na magoti yakaanza kukatika tena. Ililazimu kampeni ianze upya ndipo hesabu ikashuka. Kama makocha wa Norway wanaolipwa waliacha, sitashangaa nikiacha mimi ninayesahihisha madaftari 90 kila jioni, na ndiyo maana nayaandika haya hadharani.

MnyooshaViungo

Umenitangulia, Mwalimu. Niongeze la bega tu: wachezaji 660 wa timu 45 za juu nchini Norway waligawanywa, nusu wakafanya dakika kumi za mazoezi ya bega mara tatu kwa wiki wakati wa kupasha misuli joto. Hatari ya matatizo ya bega ilipungua kwa asilimia 28. Hakuna kifaa cha ajabu, ni kamba ya mpira na mpira wenyewe.

MamaWaWawili

Asanteni sana. Tumepata miadi Alhamisi. Naomba niulize la mwisho: binti yangu ana miaka 11 na anataka kumfuata kaka yake. Je, hayo mazoezi ya goti yaanze lini?

MwalimuWaKiwanja (mleta uzi)

Yaanze kabla hajarefuka, mama, yaani sasa, akiwa bado anaona ni mchezo. Aruke na kutua kwa miguu miwili, magoti yamekunjwa na yametazama kule vidole vinakotazama, kisha kwa mguu mmoja, kisha huku mwenzake anamsukuma kidogo begani. Akitua goti likaingia ndani, arudie. Ubao unaoyumba si lazima. Mimi natumia mto wa sponji uliokunjwa mara mbili.

Kwa upande wangu, Jumatatu naanza na wasichana 14 wa kidato cha pili na cha tatu, dakika 15 kabla ya kugusa mpira, na mpira wenyewe ni namba 2, nimeununua kwa fedha ya kupanda bodaboda ya mwezi mzima. Daftari la majeraha lina safu za tarehe, umri, kiungo kilichoumia, na kama alikuwa anapiga chenga au anatua. Ukurasa wa wavulana una safu moja zaidi, ya siku walizorusha katika wiki hiyo.

Kipa_Mstaafu

Ongeza safu ya golikipa, Mwalimu. Andika kiwiko.